Ngoma Iliyolisubiri Gita

Naomba radhi mapema, kabla hamjakaa vizuri: kisa hiki nitakiharibu. Kilimtaka mtu mwenye pumzi na adabu, anayejua mahali pa kunyamaza, na mimi mara ya mwisho kunyamaza nilikuwa nang'olewa jino. Nitacheka pasipochekesha, na patakapofika pa kulia mtanikuta bado nahangaika na utani wa mwanzo. Vumilieni. Walionisimulia walikiharibu zaidi. Mmoja wao alianzia mwishoni, akaona haya, akaomba maji.

Kijiwe chenyewe ni ubao mmoja mrefu uliowahi kuwa ubavu wa kitanda, umelazwa juu ya matofali mbele ya karakana ya Fundi Sofa. Ukutani yameegemezwa makochi yaliyovuliwa nguo, mbao na springi tupu, kama wagonjwa wanaosubiri daktari asiyefika. Mkono wa kulia ni kwa kinyozi. Mkono wa kushoto ni duka ambalo halijafunguliwa tangu mwenyewe alipozikwa, na mvua imelilamba jina lake mlangoni hadi zimebaki herufi tatu. Alasiri hiyo mawingu yalikuwa yameshuka chini kama dari inayovuja, na wanywaji kahawa walikuwa wanne. Wa kwanza ni Fundi Sofa, mwenye birika, mtu anayeongea na misumari midogo mdomoni na hajawahi kumeza hata mmoja. Wa pili ni Wembe, kinyozi, anayeitwa kijana kwa kuwa ana hamsini tu. Wa tatu ni Bunge, karani mstaafu wa bohari, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishapewa nafasi ya kuchangia, hairudishi.

Wa nne ni Saa, na kisa ni chake. Ana duka la rangi za nyumba, yeye na mkewe, lakini hakuna anayemjua kwa rangi. Wanamjua kama mpiga ngoma wa Radi Kavu, bendi ya roki iliyoanza enzi hizo yeye na wenzake wana viuno vya nyigu na nywele za kufuga. Jina la Saa alipewa na mashabiki, maana katika miaka yote ile hakuwahi kutangulia wala kuchelewa hata pigo moja. Ungeweza kuchemsha yai kwa kufuata mkono wake.

Sasa Radi Kavu walikuwa wametoa albamu, baada ya ukimya ambao watu walishauchukulia kuwa ni msiba. Inaitwa *Mlango wa Nyuma*. Na ajabu yake ni kwamba yale makorokoro ya miaka ya katikati, vinanda, matarumbeta, akina dada watatu wa kuitikia wenye sare, yote yalikuwa yametupwa nje. Limebaki gita, besi, ngoma na sauti ya mtu mmoja anayeimba kama amefungiwa stoo. Gita lenyewe ni lile lile la albamu ya kwanza, la kukwaruza, kama bati linaloburutwa kwenye sakafu.

Desturi ya kijiwe ni kwamba albamu mpya haisikilizwi nyumbani. Inasikilizwa pale ubaoni, wote pamoja, kwa spika ya Wembe inayotolewa kizingitini, na kila wimbo ukiisha mjadala ni ruksa. Saa alikuwa ameikwepa shughuli hiyo akisingizia jino, hadi Wembe alipomfuata dukani na kumshika mkono kama anayekamata mwizi wa kuku.

Wimbo wa tatu ulipokwisha, Wembe akasimamisha muziki.

— Haya, wazee wangu. Tumesikia. Swali ni moja tu: kwa nini wamerudi walikotoka?

— Si tumuulize mwenyewe, amekaa hapa? alisema Fundi Sofa.

— Mwenyewe haulizwi, alikata Bunge. Mwenyewe ana maslahi. Utamuuliza mpishi kama chakula chake kina chumvi?

— Mimi nimekuja kunywa kahawa, alisema Saa. Nihesabuni kama kochi.

— Basi naanza mimi, alisema Wembe. Hawa wameogopa kioo. Nasema kwa kazi yangu. Kila wikiendi wananijia watu wazima, wajukuu tele, eti "Wembe, nipake nyeusi." Namuuliza, nyeusi ipi, mzee wangu? Ananiambia, ile ya zamani. Nampaka. Anatoka hapa kichwa kina miaka thelathini, shingo ina sabini. Na albamu hii ni hivyo hivyo. Gita limepakwa nyeusi.

— Na shingo iko wapi?

— Shingo iko wimbo wa nne, ule wanaoupiga redioni. Subirini, mtaiona mikunjo yake.

Saa alitazama nyaya za umeme juu ya barabara. Tangu ashikwe mkono kule dukani alikuwa anauombea umeme ukatike kabla ya huo wimbo wa nne.

— Wewe unaona ya nje tu, alisema Fundi Sofa. Mimi ni mtu wa kufumua. Mtu ananiletea kochi la marehemu baba yake. Limeoza, linanuka paka. Namwambia, ndugu, nunua jipya. Hataki! Anataka lile lile, tena libonyee pale pale alipokuwa akikaa baba. Sasa mimi nitengeneze makalio ya marehemu? Lakini najaribu, ndiyo riziki. Huku nalegeza springi, huku napunguza pamba. Akija kulichukua anakaa, anafumba macho, analia. Hawa Radi Kavu wamefanya kazi hiyo hiyo. Wanataka kukaa palipobonyea.

— Hayo ni mashairi, siyo hoja, alisema Bunge, akajisogeza mbele mpaka ubao ukalalamika. Mimi nina hoja tatu.

— Toa moja, kahawa ni kidogo, alisema Fundi Sofa.

— Nazitoa zote kwa pamoja. Kwanza, Kamba Sita haonekani. Mpiga gita, mtunzi, kichwa cha treni nzima, nani kamwona? Kwenye jalada hayupo, umewekwa mlango. Redioni kaja mwimbaji, kaja mpiga besi, yeye hakuja. Pili, tukimuuliza huyu Saa anatwambia "hajambo." Hajambo tu, basi, kama barua ya mtoto wa bweni. Tatu, hilo gita. Watu wanasema linafanana na la albamu ya kwanza. Mimi nasema halifanani. Ndilo lenyewe! Mtu wa umri wetu hapigi kama kijana wa ishirini na tano, mimi hata kufunga kamba za viatu lazima niombe ruhusa kwa mgongo. Kwa hiyo?

— Kwa hiyo nini?

— Kwa hiyo Kamba Sita amekufa.

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa anaanua nguo, akatazama juu, akaongeza mwendo.

— Amekufa siku nyingi, aliendelea Bunge, akishusha sauti kwa utamu wa jambo lenyewe. Wamekuta kanda za zamani ndani ya boksi, wakazipangusa vumbi, wakapachika ngoma mpya na maneno mapya. Gita mnalolisikia ni la marehemu. Na mke wake anaficha, ili bendi isizikwe pamoja naye.

Saa alikiweka kikombe chini taratibu. Bunge alikuwa amerusha jiwe gizani, na jiwe likagonga bati la nyumba yenyewe.

Kwa sababu Kamba Sita hakuwa amekufa. Alikuwa anasahau. Alianza na funguo na miwani, kama sisi sote, watu wakacheka. Halafu zikafuata nyimbo. Alizisahau za karibuni kwanza, kisha za kabla yake, kama mtu anayezima taa sebuleni, kisha ukumbini, akielekea chumbani kulala. Yakaondoka majina ya wakwe. Yakaondoka ya wanawe. Nyimbo zilizobaki zinawaka ni zile za mwanzo kabisa. Mpe gita, mgongee vijiti mara nne, vidole vinashika njia ya miaka ile ya kwanza vyenyewe, naye anadhani ndiyo kwanza bendi inaundwa. Anauliza mbona mwimbaji kanenepa ghafla. Anauliza mpiga besi wa zamani, aliyezikwa miaka mingi, kama atafika mazoezini. Studioni walipoleta kinanda alikitazama kama mtu aliyeingia chumbani kwake bila hodi, akaacha kupiga. Wakakitoa. Wakatoa matarumbeta, wakawarudisha nyumbani akina dada wa sare. Wakabaki wanne ndani ya chumba kimoja, kama enzi zile, na alichopiga ndicho wakakipiga. Mashabiki wanasema Radi Kavu wamerudi. Kamba Sita hakurudi popote. Wenzake ndio waliomfuata alikokuwa.

Na alikuwa anapotea. Sheria ya Radi Kavu tangu mazoezi ya kwanza ni kwamba ngoma inafungua, gita linajibu, ndipo wengine wanaingia. Gita halijajibu, hakuna wa kufungua mdomo. Sasa ngoma inafungua, na Kamba Sita anakaa kimya, kidole juu ya waya, anatazama ukuta. Saa hakuwahi kusimama. Alizungusha. Akifika mwisho wa mzunguko alianza mwingine, na mwingine, macho yakiwa usoni mwa mwenzake, mpaka aone kitu kimewaka mle ndani na vidole vimeshuka. Fundi mitambo alitaka kuikata mizunguko ile ya ziada kwa mashine. Saa akakataa. Yule wa mitambo alijaribu mara moja kuikata, wakasikiliza: gita liliingia kama mtu aliyesukumwa mlangoni. Basi wakaiacha. Ndiyo maana ukiisikiliza albamu ile husikii gita lililochelewa. Unasikia ngoma isiyojua pa kuishia.

Shemeji yake, mke wa Kamba Sita, alimwomba jambo moja tu, wamesimama jikoni kwake, maji yakimwagika kwenye sinki na hakuna aliyekumbuka kuyafunga. Alisema: "Shemeji, asije akawa kichekesho. Wakijua, watamfuata barabarani wakimuuliza majina. Wakumbuke tu kwamba alipiga." Saa akaapa. Kiapo chenyewe kilikuwa chepesi kama unyoya siku ile jikoni. Uzito ulikuja baadaye, redioni, mtangazaji aliposema kwamba Saa ya Radi Kavu imeisha betri. Mkwe wake alimpigia simu kumpa pole, sauti ya chini, kama vile kuna maiti nyumbani. Na mteja wa rangi ya dirisha alimwambia, bila ubaya wowote, "Mzee, kupumzika siyo dhambi."

Haya yote yalimpita kichwani huku Bunge akisubiri kupigiwa makofi. Saa akafanya alichojifunza jukwaani waya wa gita unapokatika katikati ya wimbo: piga kelele nyingi upande wa pili. Akapasua kicheko.

— Bunge, ndugu yangu, wewe ungeajiriwa makaburini! Mtu hajapigwa picha, ushamzika! Kamba Sita mzima wa afya. Amejifungia, anatengeneza gita la shingo mbili, anaogopa kuibiwa wazo.

— Shingo mbili za nini? aliuliza Wembe.

— Moja ya kupigia, moja ya kujikunia mgongo. Nitajuaje mimi? Ubunifu huo.

— Hapana, alisema Fundi Sofa, aliyeanza kunogewa. Mimi nilisikia ni ile ampilifaya ya zamani. Ile ya mbao. Wameikuta stoo, panya wamezaa ndani. Wakataka kuwatoa, sauti ikapotea. Wakawarudisha, ikarudi. Sasa ndiyo maana jamaa hatoki nyumbani. Analinda panya.

— Umeyasikia wapi hayo?

— Kwa mtu mwenye kochi.

— Sasa hiyo inaingia akilini, alisema Saa kwa bidii. Mkwaruzo ule ni wa panya kabisa. Ongeza hapo, Fundi.

— Panya hawawezi kushika mapigo, alisema Bunge kwa dharau. Sikilizeni. Nafuta kifo. Nakiondoa mezani. Naleta hoja ya pacha.

— Pacha?

— Kamba Sita alizaliwa pacha. Mwenzake alilelewa mbali, kwa shangazi. Huyu mkubwa amechoka, amestaafu kimya kimya, sasa wamemleta mdogo. Sura ile ile, vidole vile vile.

— Pacha! Saa alipiga paja. Bunge, umeua! Jamani, mtu ataniuliza na mimi nitasema sijui, lakini mnaona wenyewe ninavyopepesa macho. Pacha! Endelea, mheshimiwa.

— Naendelea. Huyo pacha shangazi yake alikuwa mkali. Redio marufuku. Albamu iliyofika nyumbani kwao ni ile ya kwanza tu. Akajifunzia hiyo. Hizi za baadaye hazijui kabisa, hajawahi kuzisikia. Mpigie hata moja, atakutazama tu. Ndiyo maana wakashindwa kupiga mtindo mwingine. Wamempata mtu anayejua mwanzo peke yake!

Bunge akaegemea nyuma, ameshiba. Wembe alikuwa anajifuta machozi ya kicheko. Saa naye alicheka, akacheka, kisha akaacha ghafla, kwa kuwa mzee huyu mropokaji, kwa njia ya shangazi na panya, alikuwa ameifikia kweli yote na kuipita bila kuitambua.

— Leta wimbo wa nne, alisema Fundi Sofa.

— Tunywe kwanza, alisema Saa.

— Unywe nini? Kikombe chako kimejaa.

Wembe akabonyeza. Ngoma ikafungua, kavu, nzito. Mzunguko ukaisha. Gita halikujibu. Ngoma ikaanza tena. Ikaisha. Ikaanza tena. Pale ubaoni watu wakaanza kutazama miguu yao, kama mgeni wa heshima anapojisahau mezani. Ndipo gita likaingia, zuri, likikwaruza, na wimbo ukaenda.

Wembe akausimamisha.

— Mzee Saa, alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayemwambia mteja kwamba utosini hamna kitu tena. Hii ndiyo shingo niliyosema. Usinichukie.

— Sema tu, mwanangu.

— Hapo ulikuwa wapi?

— Kwenye kiti changu.

— Mwili, ndiyo. Akili je? Mizunguko mitatu, mzee! Enzi zako gita lingekuwa limeshaingia, limeshatoka, limeshakwenda kulala. Jamaa wa watu amekaa na gita lake anasubiri wewe umalize kuzunguka. Mtu unamwonea huruma.

— Mimi nilitaka kunyamaza, alidakia Bunge, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutoka kinywani mwake. Lakini kwa kuwa limeshasemwa... Gita limerudi enzi zake, bwana. Sauti imejitahidi. Wewe ndiye uliyebaki njiani. Nilimwambia mke wangu tulipousikia huu redioni, wimbo mzuri, wangetafuta mtu wa ngoma.

— Alisemaje?

— Alisema anakuheshimu.

Saa alitazama mikono yake. Ilikuwa na madoa ya rangi ya bluu ya lango la mteja wa asubuhi. Ni sentensi moja tu iliyohitajika. *Siyo mimi niliyepotea, nilikuwa namsubiri.* Ilikuwa imeshamfika kwenye meno. Miaka yote ile ya kutochelewa ilikuwa inagonga mlango mle ndani ikitaka iitwe kutoa ushahidi. Na hawa ni rafiki zake. Pengine wangelia pamoja naye. Halafu kesho Bunge angekuwa na hoja tatu, keshokutwa mtaa mzima ungekuwa nazo tisa, na mtu angesimama kwenye geti la shemeji kumuuliza Kamba Sita jina la mtoto wake wa kwanza, aone kama ni kweli.

— Nilikuwa natafuta miwani, alisema.

— Unapigia ngoma miwani?

— Naitumia kuwaona nyinyi mkikosea.

Walicheka kidogo, kicheko cha kumsindikiza mtu nje. Wembe, kwa kuona haya, akaurudisha wimbo mwanzo ili aufunike ukimya. Tone la kwanza la mvua likaanguka kwenye spika. La pili likampata Fundi Sofa.

Mzunguko wa kwanza wa ngoma ulikuwa haujaisha alipotokea mtu upande wa duka la marehemu. Alikuwa mrefu, amenyooka, amevaa shati safi lililofungwa vifungo kwa kuruka kimoja, na mguu mmoja una kiatu, mwingine una kandambili. Alikuja akifuata sauti, kichwa kimeinama upande kama anayesikiliza ukuta. Nyumba yake haikuwa mbali, lakini mlango wake huwekwa komeo kwa juu. Siku hiyo aliyesahau alikuwa mtu mwingine.

Bunge ndiye aliyemwona kwanza. Akasimama wima, akavua kofia, hoja zote tatu zikiwa zimemtoka.

— Kamba Sita! Mzee! Karibu, karibu ukae!

— Ahsante, bwana, alisema Kamba Sita kwa adabu, bila kukaa. Wala hakugeuka kumwangalia aliyemwita. Alikuwa anaitazama spika.

Wembe alinyoosha mkono apunguze sauti.

— Acha, alisema Kamba Sita.

Wakasikiliza wote. Ngoma ikazunguka. Ikazunguka tena. Na ya tatu. Kisha gita likaingia, na uso wa mtu yule ukafunguka kama dirisha la nyumba iliyokaa kimya siku nyingi. Vidole vya mkono wa kushoto vikaanza kwenda vyenyewe hewani, kila kimoja mahali pake, pamoja na gita lililotoka kwenye spika. Hakikukosea hata kimoja.

— Huyu anapiga, alisema. Huyu kweli anapiga. Nani huyu?

Wembe alimtazama Bunge, Bunge akatazama kofia yake. Fundi Sofa alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, akaishika kiganjani kama mtu anayetaka kusali. Mvua ilikuwa inaongezeka na hakuna aliyeingia ndani.

— Nauliza tu, alisema Kamba Sita, akiwatazama mmoja baada ya mwingine, kwa upole, kama mgeni anayehofia kuwa amevunja adabu za watu. Hamumjui? Ni wa hapa hapa?

Bunge aliirudisha kofia kichwani. Akaivua tena.

Shemeji akafika kona ile akikimbia, khanga begani, mkononi amebeba kiatu cha pili. Alipowaona wanne wale wamesimama hivyo akajua kwamba siri imeshavuja. Alipiga goti kwenye maji ya barabarani, akamvua mumewe ile kandambili, akaanza kumvalisha kiatu, naye Kamba Sita akainua mguu bila kutazama chini, kwa mazoea ya siku nyingi. Fundi Sofa alikuwa ameinua birika ammiminie mgeni. Yakatoka machicha.

Wimbo ukafika pale katikati ambapo ngoma inafungua tena. Mzunguko. Mzunguko mwingine. Kamba Sita akakunja uso.

— Lakini hapa, alisema. Sikilizeni hapa. Mnasikia? Gita liko tayari, mtu amekaa, anangoja, na huyu wa ngoma bado anazunguka tu. Anamharibia mwenzake. Kijana mzuri kama huyu, anaharibiwa na mpiga ngoma!

Wembe akageuka kumtazama Saa. Alimtazama sana. Kisha Bunge naye akageuka, na usoni mwake hesabu ilikuwa inafanyika polepole, mizunguko mitatu, gita, kandambili, mizunguko mitatu, mpaka ikafika mwisho, na mzee yule akauma mdomo wa chini kama mtoto aliyevunja kitu cha watu.

— Mzee Saa, alinong'ona Wembe. Mbona hukutwambia?

Saa alikuwa anamtazama mwenzake wa maisha yote, aliyekuwa anamtazama yeye kama unavyomtazama mtu mliyepanga foleni moja benki. Shemeji, bado amepiga goti, ameshika kamba za kiatu, aliinua macho. Mvua ilimtiririka usoni, hiyo ilimsaidia.

— Wewe bwana, Kamba Sita alimwambia Saa. Una sura ya mtu wa muziki. Unamjua huyo mpiga ngoma?

— Namjua sana, kaka, alisema Saa. Kila asubuhi namnyoa ndevu mbele ya kioo, na hata hapo hunichelewesha.